Willem Kolff, baba wa figo bandia

Tarehe 11 Februari mwaka 2009, huko Newtown Square katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, alifariki dunia daktari mzee mwenye asili ya Uholanzi, zikiwa zimesalia siku tatu tu atimize umri wa miaka 98. Jina lake lilikuwa Willem Johan Kolff. Nje ya duru za utabibu ni wachache waliolifahamu jina hilo, na huenda wengi wa wale waliokuwa wakiishi kwa sababu yake hawakupata kulisikia hata mara moja.

Watu hao wako kila mahali. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mjini Muscat au London, huketi kwenye viti vya kuegemea kwa muda wa saa nne hivi, mara mbili au tatu kwa juma, sindano mbili zikiwa mkononi. Damu hutoka kwa mrija mmoja, hupita katika chujio la mashine iliyo kando yao, kisha hurudi mwilini kwa mrija wa pili ikiwa imepunguzwa taka na maji ya ziada. Tiba hiyo huitwa dialisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine badala ya figo zilizokufa. Mashine ya kwanza iliyofanya kazi hiyo na kumrudishia binadamu uhai ilitengenezwa na Kolff katika mji mdogo wa Uholanzi, katikati ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kwa mbao, bati la enameli na utando wa kufungia soseji.

Kisa hicho cha vita kimesimuliwa mara nyingi. Kinachosimuliwa kwa nadra ni miaka iliyofuata. Kolff aliishi muda mrefu wa kutosha kuiona tiba yake ikiwaokoa watu na kisha ikiwafunga, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kutafuta namna ya kuwafungua.

Kijana aliyekimbia udaktari

Kolff alizaliwa mjini Leiden tarehe 14 Februari mwaka 1911, kifungua mimba katika nyumba ya watoto watano wa kiume. Baba yake, Jacob Kolff, alikuwa daktari na baadaye akawa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Beekbergen. Zama hizo maradhi hayo hayakuwa na dawa. Daktari aliweza kuagiza hewa safi, chakula kizuri na mapumziko, kisha akangoja. Kijana Willem alimwona baba yake akirudi nyumbani na majonzi ya wagonjwa aliowapoteza, akaapa moyoni kwamba kazi hiyo haitakuwa yake, kwa kuwa hakutaka kuwatazama watu wakifa. Alichokitamani ni kuwa mkuu wa bustani ya wanyama. Baba yake alimkumbusha kwamba bustani za namna hiyo katika nchi nzima ya Uholanzi zilikuwa tatu tu, na nafasi zake si nyingi.

Masomo hayakuwa mepesi kwake. Alikuwa na tatizo la kusoma na kuandika ambalo leo huitwa disleksia, na enzi zile watoto wa aina hiyo walihesabiwa kuwa wazembe. Mikono yake, hata hivyo, ilikuwa hodari. Kila Jumamosi alikwenda kwa seremala kujifunza kazi ya mbao, na ujuzi huo ulikuja kumfaa kuliko masomo mengi ya darasani. Hatimaye aliifuata njia ya baba yake, akasomea udaktari mjini Leiden, akamwoa Janke Huidekoper mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaanza kazi kama daktari msaidizi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Groningen, kaskazini mwa nchi.

Ni huko Groningen alikokutana na kile alichokikimbia. Miongoni mwa wagonjwa wachache aliokabidhiwa alikuwamo kijana wa miaka 22, mtoto wa mkulima, ambaye figo zake zilikuwa zikifa taratibu. Presha ilipanda, kichwa kiliuma bila kukoma, akawa anatapika, na macho yakaanza kupoteza nuru. Kolff ndiye aliyepaswa kumweleza mama yake, mwanamke wa shamba aliyefika na nguo zake nyeusi, kwamba mwanawe wa pekee atakufa na hakuna la kufanya.

Figo mbili za mtu mzima, kila moja ikiwa na ukubwa wa ngumi, huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini isipokuwa lita moja au mbili zinazotoka kama mkojo. Kazi hiyo ikisimama, taka za mwili hubaki katika damu na kumtilia mtu sumu kutoka ndani. Kolff alipiga hesabu rahisi. Kama angeweza kuondoa gramu 20 za yurea kila siku katika damu ya yule kijana, tapiko lingekoma na pengine angeendelea kuishi. Gramu 20 ni kitu kidogo mno, wala hazijai kiganja. Kijana alifariki, na hesabu ile haikumtoka Kolff kichwani.

Profesa mmoja wa kemia wa chuo hicho, Robert Brinkman, ndiye aliyemfungua macho kuhusu selofani, ule utando mwembamba unaong'aa ambao wauza nyama walikuwa wakiutumia kufungia soseji. Utando huo una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Taka ndogo kama yurea hupenya, lakini chembe za damu na protini hubaki ndani. Kolff alijaza damu kidogo iliyochanganywa na yurea katika kipande cha utando huo, akakitikisa ndani ya maji ya chumvi, na kwa dakika chache yurea ikahamia kwenye maji. Kanuni yenyewe ilikuwa ikijulikana tangu karne ya 19, na daktari Georg Haas wa Giessen, Ujerumani, alikwisha kuijaribu kwa binadamu katika miaka ya 1920 bila ya kufanikiwa kuokoa mtu. Kilichobaki ni kutengeneza chombo kikubwa cha kutosha.

Kampen, wakati wa vita

Tarehe 10 Mei mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi. Kolff na mkewe walikuwa mjini The Hague kwa mazishi ya jamaa. Ndege za kivita zilipopita juu ya vichwa vyao, aliwaacha waombolezaji, akaenda hospitali kuu ya mji na kujitolea kuanzisha benki ya damu. Akipita mjini chini ya ulinzi wa askari kununua chupa, mirija na sindano, aliikamilisha kwa siku nne, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza katika bara la Ulaya nje ya Visiwa vya Uingereza na Urusi.

Aliporejea Groningen mambo yalikuwa yamebadilika. Mkuu wake, Profesa Leonard Polak Daniels, aliyekuwa Myahudi, alijitoa uhai pamoja na mkewe siku chache baada ya uvamizi. Nafasi yake alipewa mfuasi wa Wanazi. Kolff hakutaka kufanya kazi chini ya mtu huyo, akaondoka na kwenda Kampen, mji mdogo kando ya mto IJssel, ambako hospitali ilihitaji daktari.

Kampen ilikuwa na kiwanda cha vyombo vya enameli, na mkurugenzi wake, Hendrik Berk, alikubali kumsaidia. Mashine waliyoijenga ilikuwa kitu cha ajabu kukitazama. Pipa la vibanzi vya mbao lililazwa ubavu, likazungushiwa mita nyingi za utando wa soseji kama uzi kwenye kibiringo. Nusu ya chini ya pipa ilizama katika hodhi la enameli lililojaa maji ya chumvi. Mota ililizungusha pipa, damu ya mgonjwa ikawa inateremka ndani ya utando kutoka mzingo hadi mzingo, na kwenye kila mzunguko taka zikahamia majini. Ili damu ipite kutoka kwenye mirija iliyotulia kuingia kwenye pipa linalozunguka bila ya kuvuja, Kolff aliiga kiungo cha pampu ya maji ya injini ya gari la Ford. Dawa ya heparini ilizuia damu isigande. Yote hayo yalifanyika chini ya utawala wa kijeshi wa kigeni, wakati vifaa vilikuwa adimu na kuuliza maswali mengi kungeweza kumponza mtu.

Mwezi Machi mwaka 1943 mashine iliunganishwa kwa mara ya kwanza na mwili wa binadamu, mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani. Alisafishwa damu mara 12. Kwa siku kadhaa akili yake ilichangamka na uso ukarudi rangi. Lakini kila mara daktari alilazimika kukata mshipa mpya wa damu, na mishipa ikaisha. Mwanamke huyo alifariki. Baada yake waliletwa wengine, mmoja baada ya mwingine, na karibu wote walifariki pia. Walikuwa watu waliokwisha kukatiwa tamaa na madaktari wengine, na wengi walifika wakiwa wamepoteza fahamu. Hata hivyo, kupoteza karibu wagonjwa wote 16 wa mwanzo na kuendelea na kazi si jambo la kawaida, na hapana shaka wapo waliomwona Kolff kuwa mkaidi asiyejali. Yeye aliona kwamba kila mmoja alizinduka kidogo kabla ya kufa, na kuzinduka huko ndiko kulikomwambia kwamba njia ni sahihi.

Usiku alikuwa na kazi nyingine. Alisaidia harakati za kupinga utawala wa Wanazi, na mwishoni mwa mwaka 1944, wanaume wa Rotterdam waliokamatwa kwa maelfu walipopitishwa Kampen kupelekwa kufanya kazi za kulazimishwa, yeye na wenzake waliwaandikia mamia yao vyeti vya ugonjwa ili waachiwe.

Mgonjwa wa 17 alikuja mwezi Septemba mwaka 1945, vita vikiwa vimekwisha. Sofia Schafstadt, mwenye umri wa miaka 67, alikuwa kizuizini kwa kushirikiana na Wanazi, na figo zake zilikuwa zimesimama. Kulikuwa na watu wa mji ambao wasingesikitika kama angekufa. Kolff, aliyewapoteza wagonjwa wake karibu wote na ambaye mkuu wake mpendwa aliangamia kwa sababu ya Wanazi, hakuona kwamba daktari ana haki ya kuchagua. Alimweka kwenye mashine kwa saa 11 na nusu. Mama huyo alipozinduka, neno la kwanza lililoeleweka kinywani mwake lilikuwa la kutangaza kwamba atampa talaka mumewe. Madaktari walicheka kwa furaha, kwa sababu mtu mwenye sumu kichwani hapangi mambo ya kesho. Figo zake zilianza tena kufanya kazi, na aliishi hadi mwaka 1951.

Kolff hakuchukua hataza ya uvumbuzi wake. Mashine alizozitengeneza kwa siri wakati wa vita alizigawa bure, zikaenda London, New York, Montreal na Krakow, na michoro yake aliwapa madaktari wa Boston, ambao waliiboresha mashine hiyo hadi ikatumika kuokoa askari majeruhi katika vita vya Korea. Mwaka 1950 alihamia Marekani na familia yake, akajiunga na hospitali ya Cleveland Clinic, jimboni Ohio. Huko alitengeneza chujio dogo lenye utando uliosokotwa, ambalo mfano wake wa mwanzo alilizungushia kopo la maji ya matunda. Kuanzia mwaka 1956 chujio hilo lilitengenezwa kiwandani na kuuzwa, na kwa mara ya kwanza hospitali ya kawaida iliweza kusafisha damu bila ya kuwa na seremala.

Uhai unaotegemea mashine

Hadi hapo figo bandia ilikuwa tiba ya dharura. Ilimfaa mtu ambaye figo zake zimesimama kwa muda, kwa ajali au kwa sumu, na zitaamka baada ya siku chache. Aliyekufa figo moja kwa moja hakuweza kusaidiwa, kwa sababu ile ile iliyomuua mgonjwa wa kwanza wa Kampen: mishipa ingekwisha.

Kizuizi hicho kilivunjwa na daktari mwingine, Belding Scribner wa Seattle. Mwezi Machi mwaka 1960 aliweka mirija ya plastiki aina ya Teflon katika mkono wa Clyde Shields, fundi mitambo wa kiwanda cha ndege cha Boeing, na kuiacha humo daima, ili mashine iweze kuunganishwa tena na tena bila ya kukata mshipa mpya. Shields, ambaye angekufa baada ya siku chache, aliishi miaka 11 zaidi.

Furaha ilikuwa kubwa, na matatizo yakaja mara moja. Mashine zilikuwa chache mno. Mjini Seattle kamati ya raia wasiotajwa majina ilipewa kazi ya kuchagua nani asafishwe damu na nani aachwe, ikipima umri, ndoa, watoto na ajira ya mtu. Jarida la Life lilipoifichua habari hiyo mwaka 1962 Wamarekani walishtuka. Mjadala huo ulimalizika nchini humo mwaka 1972, bunge lilipopitisha sheria ya serikali kuu kugharamia tiba hiyo kwa karibu kila aliyeihitaji.

Lakini wale waliobahatika kupata nafasi waliwaonyesha madaktari jambo ambalo halikuwa limefikiriwa. Mashine haifanyi kazi yote ya figo. Hufanya sehemu ndogo tu, tena kwa saa chache kwa juma, ilhali figo hufanya kazi usiku na mchana. Kati ya zamu moja na nyingine maji na taka hujikusanya. Mgonjwa ambaye hapati mkojo tena hupimiwa maji ya kunywa kwa siku kana kwamba ni dawa, na kiu haimwachi, hasa katika nchi za joto. Chakula kinachomjenga mtu mwingine kinaweza kumwua yeye. Ndizi, maharage, parachichi na maji ya madafu yana potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo ghafla. Kwenye mashine yenyewe presha huweza kushuka, misuli ikakaza kwa maumivu, na mtu akarudi nyumbani amechoka kiasi cha kulala hadi kesho yake. Ngozi huwasha. Mifupa hudhoofika. Damu hupungua, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuambia mwili utengeneze chembe nyekundu. Homoni hiyo ilipatikana kama dawa mwaka 1989 tu, na kabla ya hapo wagonjwa waliishi kwa kuongezewa damu na kwa uchovu usioisha.

Na moyo wa mtu, kwa maana ya nafsi yake, nao huumia. Madaktari wa maradhi ya akili walioanza kuwatembelea wagonjwa hao katika miaka ya 1960 waliwakuta watu waliokuwa wakilea familia zao na sasa wanategemea waya wa umeme. Baba hawezi kusafiri kwenda msibani iwapo huko aendako hakuna mashine. Kazi humponyoka kwa kuwa mwajiri hawezi kumkosa siku tatu kwa juma. Tendo la ndoa hufifia, na wengi huona haya kulisema hata kwa daktari wao. Watu wa nyumbani huchoka na kuficha uchovu wao, na mgonjwa huuona. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1971 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 3,000 ulionyesha kwamba walijidhuru au kuiacha tiba kwa kiwango kilichopita mbali kile cha watu wengine. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila wagonjwa wanne wa dialisisi ana sonona, yaani huzuni nzito inayokaa na kumwondolea mtu hamu ya kuishi. Mara nyingi haitambuliwi, kwa kuwa dalili zake, kama vile uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula, hufanana na zile za figo zenyewe.

Hapa ndipo Kolff anapotofautiana na wavumbuzi wengi. Angeweza kusema kwamba kazi yake ilikuwa kuondoa yurea, na yurea imeondoka. Badala yake alishikilia, kwa miaka yote iliyobaki, kwamba kumrefushia mtu maisha asiyoyafurahia si ushindi wa daktari. Wenzake walichoshwa na msimamo huo. Hakuwa mtu mwepesi kufanya naye kazi, alikuwa na haraka, alidharau kamati, na kibali alikiomba baada ya kufanya jambo mara nyingi kuliko kabla.

Mashine ya kufulia na mto wa Colorado

Katikati ya miaka ya 1960, mjini Cleveland, Kolff alijiuliza kwa nini mgonjwa aende hospitalini. Aliona kwamba hodhi la maji linalozungushwa na mota limo tayari katika nyumba nyingi za Wamarekani, nalo ni mashine ya kufulia nguo. Yeye na wasaidizi wake walinunua mashine hizo dukani, wakaweka machujio ndani yake, na kuwafundisha wagonjwa na wake au waume zao kujisafisha damu nyumbani kwa bei ndogo kuliko ya mashine za hospitali. Ilifanya kazi. Kampuni iliyotengeneza mashine hizo za kufulia iliposikia, ilishikwa na hofu ya kushtakiwa iwapo mtu angefariki, ikakataa kuuza nyingine kwa ajili hiyo.

Jambo hilo linaweza kuonekana kuwa la kuchekesha, lakini lilikuwa na maana nzito. Aliyefundishwa kuiendesha mashine yake mwenyewe alipanga saa zake na kuuelewa mwili wake. Kolff aliamini kwamba mgonjwa wa namna hiyo huacha kuwa mzigo unaobebwa na wauguzi na kurudi kuwa mwenye nyumba.

Mwaka 1967 aliondoka Cleveland na kwenda Chuo Kikuu cha Utah mjini Salt Lake City, ambako alianzisha taasisi ya viungo bandia. Walitengeneza huko masikio, mikono na macho ya bandia, au walau mianzo yake. Kazi iliyoupatia mji huo umaarufu ulimwenguni ilikuwa moyo wa bandia. Mwezi Desemba mwaka 1982 mganga wa meno aliyestaafu, Barney Clark, aliwekewa moyo huo, akaishi nao siku 112. Clark alipewa ufunguo ambao angeweza kuutumia kuizima mashine iwapo angeona kwamba maisha hayo hayamfai. Hakuutumia. Waliomfahamu Kolff waliiona fikra yake katika ufunguo ule, kwamba mwenye kuamua thamani ya maisha yanayoendeshwa na mashine ni yule anayeyaishi.

Kwa wagonjwa wa figo alikuwa na mpango mwingine. Katika miaka ya 1970 yeye na mhandisi Stephen Jacobsen walitengeneza figo bandia ya kuvaliwa, mzigo wa kilo chache uliofungwa kifuani kwa mikanda. Haikuwa kamili, kwa kuwa kwa sehemu ya muda ilibidi mgonjwa aunganishwe na ndoo ya maji. Lakini ilibebeka, na Kolff alitaka watu waone maana ya jambo hilo. Yeye na wenzake wa Utah walianza kuwapeleka wagonjwa safari za porini, katika nchi ya majabali mekundu na mito ya magharibi mwa Marekani. Watu ambao madaktari wao walikuwa wamewaonya wasiende mbali na hospitali walipanda maboti ya mpira na kuteremka mto Colorado, wakalala katika mahema, na jioni wakasafishwa damu kando ya moto.

Tiba ile ingetolewa kwa usalama zaidi kitandani, na wakosoaji walilisema hilo. Faida ya safari zile haikuandikwa katika vipimo vya damu. Wagonjwa waliporudi walizungumza juu ya maporomoko na nyota, wala hawakuzungumza juu ya potasiamu. Mtu aliyekuwa ameanza kujihesabu kuwa nusu maiti aligundua kwamba bado anaweza kuogopa maji na kucheka, kama wenzake.

Kolff aliendelea na kazi hadi alipostaafu mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka 2002 yeye na Scribner walipewa kwa pamoja tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa za utabibu nchini Marekani. Scribner alifariki mwaka uliofuata.

Figo ya kuvaliwa haikuingia sokoni katika uhai wa Kolff. Kwa wengi mlango wa kutokea kwenye mashine umekuwa ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine, huduma ambayo Muhimbili iliianza mwezi Novemba mwaka 2017, lakini wanaohitaji figo ni wengi kuliko wanaozitoa. Kifaa kipya cha kuvaliwa kilijaribiwa mjini Seattle kwa wagonjwa saba na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016. Damu ilisafishika, na wagonjwa waliweza kula bila ya masharti siku hizo na kutembea huku na huko. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kumalizika, kwa hitilafu za kiufundi za kifaa chenyewe. Walipoulizwa, wagonjwa walisema kwamba kilichowaridhisha kuliko vyote katika kifaa kile ni uhuru.